Giaboksi Ina Kwao

Nakumbuka siku niliyoingia uvunguni mwa gari la mtu kabla sijamsalimia mwenyewe. Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu leo asubuhi nimetoka uani kwangu nikaona viatu viwili vimechomoza chini ya pikapu yangu kuukuu, spana inagonga chuma, na shikamoo sijaisikia. Viatu ni vyako. Usione haya, najua unaifufua pikapu ya babu yako. Toka huko, kaa hapa kwenye benchi, na hiyo spana iweke chini. Nati hizo zimekaa hapo miaka, hazitakimbia leo.

Siku yangu mimi ilikuwa Ipole, kule mbele ya Sikonge, nyumbani kwa mfuga nyuki aliyeitwa Mzee Maganga. Nilikuwa binti wa mjini, mzaliwa wa mtaa wa Isevya, wa umri wa kuanza kuletewa posa, nimevaa ovaroli la marehemu baba nimelikunja miguu. Nilikuwa na haraka, na haraka yangu ilikuwa na sababu.

Baba alikuwa na pikapu ndogo ya rangi ya maziwa. Alikuwa akifuata asali na nta huko porini, mama akiuza mjini. Pikapu ilitangulia kufa, meno ya gia yalisagika njiani, ikavutwa hadi nyumbani ikapandishwa juu ya mawe. Kisha baba naye akafariki. Mama alipomaliza eda, baba mdogo, muuza mbao, alikuja akasema maneno ambayo yalikuwa na haki ndani yake: hapo hakuna gari, kuna chuma kinacholiwa na kutu, tuwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu tugawane. Alikuwa mrithi, na fungu lake lilikuwemo. Sikumchukia, na hadi leo simchukii. Lakini nilimtazama mama. Bila gari angelazimika kununua asali kwa wachuuzi, naye angeuza kwa faida gani? Biashara yake ingekwisha, na sisi wawili hatukuwa na nyingine.

Nikasema, "Baba mdogo, nipe muda hadi msimu wa tumbaku uishe. Nikishindwa kuifufua, uza."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akakubali, na nadhani alikubali kwa sababu ya kile kicheko.

Nikaenda mtaa wa Ng'ambo kwa Fundi Maulidi, mzee wa mjini ambaye ndiye aliyekuwa akilitengeneza gari hilo siku zote. Tulianzia kwenye duka la spea la Mhindi mmoja mpole, akatikisa kichwa akasema giaboksi ya aina ile haipo hata Dar es Salaam. Siku hizi mnapiga picha kwa simu, mnatuma, na mzigo unakuja na basi. Wakati wetu ulikuwa mguu na mdomo. Fundi akajifuta mikono akaniambia, "Magari yaliyo hai hayana cha kutupa, Zena. Tukatafute yaliyokufa." Basi tukawa tunauliza kila dereva wa lori: wapi umeona pikapu ndogo imelala? Mmoja akatutajia Ipole.

Tuliposhuka niliiona pale pale, imesimama kando ya nyumba, haina magurudumu, majani yameota hadi madirishani. Sikungoja. Nilijitupa chini yake, nikaikuta giaboksi ipo mahali pake na bolti zake zote, na moyo ukanidunda kwa furaha. Ghafla mguu wangu ukashikwa, nikavutwa nje.

"Umeuliza?" Fundi Maulidi alikuwa amenisimamia, na sijapata kumwona amekunja uso vile.

"Niulize nini, Fundi? Si hii hapa?"

"Ukifika msibani unaingia jikoni kupakua wali kabla hujatoa pole? Gari hili lilikuwa hai, na lina mwenyewe. Nenda kasalimie, uulize lilikufa kwa nini. Ndipo urudi na spana yako."

Nilikasirika, mwanangu, usidhani nilikuwa malaika. Nilijisemea kwamba mzee huyu ananipotezea muda, na muda wenyewe nimepewa kwa kuchekwa. Kumbe Mzee Maganga alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, ameona yote. Nikapiga goti, nikasema shikamoo babu.

"Marahaba," akaitikia. "Kumbe ile miguu ina uso wake!"

Tukaletewa maji, tukakaa. Nikauliza kama nilivyoagizwa, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa. Akasimulia kwamba pikapu ilizama mtoni wakati wa masika, maji yakafika kwenye viti, na walipoivuta na ng'ombe waliiacha hapo msimu mzima wa mvua bila kuigusa. Fundi Maulidi akanitazama tu. Akaenda, akafungua nati ya chini ya giaboksi, na oili iliyotoka ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yamelala humo ndani siku zote hizo, na meno yote yalikuwa yameoza kwa kutu.

Nikapiga hesabu. Ningeifungua, ningeibeba kwenye lori hadi mjini, ningehangaika nayo kuifunga, na muda wa baba mdogo ungeishia hapo hapo. Haraka haraka haina baraka, wanasema, nami nilikuwa naimba methali hiyo tangu darasa la kwanza bila kujua inaongelea nini.

Kilichofuata sikuagizwa na mtu. Nilisikia mvumo kutoka kwenye kibanda cha dereva, nikauliza mle ndani kuna nini.

"Wapangaji," akajibu Mzee Maganga. Nyuki walikuwa wamejenga chini ya kiti.

"Miti yote hii ya Ipole, kwa nini wachague gari?"

Mzee akasogeza kigoda. Akaniambia kiti kile kilinyonya asali kwa miaka, kila debe lililovuja lilibaki humo, na nyuki hawasahau harufu. Nami nikauliza lingine, na lingine tena: alilinunua wapi, lilimbeba nani, nani mwingine alikuwa na gari kama hilo. Nilisahau hata kwamba nina haraka. Hapo ndipo akatamka kwamba pikapu hiyo ilikuwa na dada yake. Walinunua mbili pamoja, yeye na rafiki yake Masanja wa Choma, huko Igunga, enzi walipokuwa wakibadilishana asali na samli. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Spana ingenifikisha kwenye chuma kibovu, swali likanifikisha Choma.

Hatukuondoka mikono mitupu. Springi za nyuma za gari la baba zilikuwa zimelala, na za Mzee Maganga zilikuwa bado nzima. Fundi akaulizia bei.

"Pesa mtanipa, nitakula, zitaisha," akasema mzee. "Hizi nazitoa zikafanye kazi, sijaziuza. Zitanibebea asali yangu hadi mjini kama zilivyozoea. Siku gari lenu likiacha kunibebea, springi zinarudi nyumbani."

Choma nilitangulia mimi mwenyewe kusalimia. Nilisema mwangaluka, salamu ya kwao ya asubuhi, hata kabla ya Fundi kufungua mdomo, na Mzee Masanja akacheka kwa jinsi nilivyoitamka kimjini. Nikamuuliza gari lake lilikufa kwa nini.

"Ng'ombe alikatiza," akasema. "Mbele ng'ombe, kando kichuguu. Nikachagua kichuguu."

"Ukaua gari kwa ajili ya ng'ombe, babu?"

"Sasa wewe, gari linazaa?"

Fundi Maulidi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaninong'oneza somo ambalo nimelitumia maisha yangu yote ya ufundi: gari lililokufa kwa ajali huacha viungo vizima, maana lilikuwa linatembea siku ile ile. Lililokufa kwa ugonjwa mrefu, lichunguze mara mbili. Tukafungua nati, oili ikatoka safi. Tulichukua giaboksi, na mlango mmoja wa kijani kwa kuwa wa kwetu ulikuwa umetoboka. Mzee Masanja naye hakutaka pesa, alitaka mahindi yake yafike mnadani. Tulipokuwa tunapakia akaipiga giaboksi kofi, akasema, "Hii ina kwao, na kwao ni hapa. Ikipita Choma bila kusimama, nitaifuata na spana."

Tuliifunga kwa siku nyingi, mikono ikachubuka, posa mbili zikarudi zilikotoka kwa sababu ya harufu ya oili. Gari likawaka. Bodi ya maziwa, mlango wa kijani, mgongo umeinuka kwa springi za Ipole. Watoto wa Isevya wakaliita Shirika. Mama alipolisikia likinguruma alikaa kwenye kizingiti akalia, nami nililia pia, sioni sababu ya kuficha.

Ulidhani hadithi imekwisha? Baba mdogo alikuja, akalizunguka, akalipiga teke tairi. Akasema, "Mashallah. Sasa lina thamani. Tuliuze tugawane." Akaja na mnunuzi kutoka Nzega. Kwa sheria ya mirathi alikuwa na haki ya kudai fungu lake, na sisi hatukuwa na cha kumlipa. Ukoo ukaitwa Ijumaa baada ya sala. Fundi Maulidi hakubishana na mtu, alikwenda tu stendi ya malori kuzungumza na madereva.

Siku ya kikao wazee wameketi kwenye mikeka, mnunuzi amesimama kando ya gari anapapasa rangi, mara wakaingia wazee wawili wenye vumbi la safari. Mzee Maganga alikuwa na spana mkononi. Mzee Masanja alikuwa na spana na fimbo yake ya ng'ombe. Wakamsalimia kila mtu, taratibu, mmoja mmoja, mpaka nikahisi nitapasuka.

"Tumesikia mnagawana," akasema Mzee Masanja. "Tumekuja kuchukua vyetu, kisha nanyi mgawane vyenu."

Akavua shati, akalikunja vizuri, akaingia uvunguni. Miguu tu ikabaki nje.

Baba mdogo akaruka. "Mzee, unafanya nini? Gari hili la marehemu kaka yangu!"

"Bodi ni ya marehemu, Mungu amrehemu," akajibu Mzee Maganga huku akichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. "Springi ni zangu. Nilimpa huyu binti anibebee asali. Sikumpa mtu wa Nzega."

Sauti ikatoka chini ya gari: "Na giaboksi ni ya Choma! Huyo mnunuzi ameuliza bei, ameuliza rangi. Ameuliza giaboksi imetoka wapi?"

Mnunuzi hakuwa ameuliza. Alitazama miguu ya Mzee Masanja, akatazama mlango wa kijani, akaaga. Wazee wa ukoo wakatugeukia mimi na Fundi Maulidi, tukathibitisha kwamba ndivyo tulivyopatana. Nami niliogopa, maana spana ya Mzee Masanja ilikuwa inazunguka kweli kweli, haikuwa mzaha peke yake.

Baba mdogo akatazama kilichobaki kwenye fungu la kugawana. Bodi, usukani, viti, na injini isiyo na pa kupeleka nguvu zake. Midomo ikaanza kumcheza. Akacheka, kile kicheko cha siku ya kwanza, mpaka akakaa chini kwenye mkeka. "Basi na mimi niandikieni changu," akasema. "Mimi ni bodi. Nani atanibebea mbao zangu?"

Nikamwambia, "Mimi, baba mdogo."

Hivyo ndivyo Shirika lilivyobaki kwetu. Lilibeba asali ya Ipole, mahindi ya Choma, mbao za baba mdogo na madebe ya mama, na mama hakuacha kuuza hadi uzee ulipomkalisha. Baba mdogo alipenda kukaa kiti cha mbele akiwaeleza watu jinsi gari lilivyofufuliwa, na ukimsikiliza ungedhani alikuwepo chini na spana. Nilimwachia. Wote hao wametangulia mbele ya haki sasa, na kwenye njia zile nilizozipita nawajua watoto wao kwa majina.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, zishike. Kabla hujafungua nati ya mtu, msalimie, kisha uulize: lilikufa kwa nini? Nani alilipenda? Kinachokwenda nawe kina masharti gani? Anayeuliza bei peke yake hununua chuma, na anayeuliza habari hupata watu, na watu ndio watakaokuja na vumbi la safari siku utakapoelemewa. Tena usidhani nasema gari tu. Wewe mwenyewe umeungwa. Subira yako kuna aliyekupa, mikono yako kuna aliyeifundisha, jina lako kuna aliyelibeba kabla yako. Ukiona vyaelea vimeundwa. Jua kwao kila kiungo ulichonacho, na ukipita huko, simama.

Shirika ndilo hili ulilokuwa chini yake, na lilikufa kwa injini kuchoka, kifo cha uzee. Giaboksi ilitembea hadi siku ya mwisho, kwa hiyo ichukue, ukamalizie pikapu ya babu yako. Sitaki pesa yako. Ikianza kutembea, ipeleke Choma, waulizie wajukuu wa Mzee Masanja, ukae unywe maji yao. Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kuuliza, akujaalie gari lisilozima mlimani, na akuzungushie watu wa kukuvuta mguu unapokosea.

Haya. Nipe shikamoo yangu, kisha urudi uvunguni.