Kizuka Aliyekwenda kwa Sokwe

Sokwe Sigara aliletwa kituoni akiwa mkubwa, na mnyororo ulikuwa umemchimba shingo hata manyoya hayakuota tena pale. Alikulia kwenye baa moja ya kando ya barabara kuu, upande wa Lugoba. Dereva wa lori alimnunua akiwa mchanga huko magharibi, karibu na ziwa, akamficha chini ya turubai la mizigo, na alipofika Lugoba akamwachia mwenye baa. Kwa miaka mingi kazi ya sokwe yule ilikuwa kuwachekesha walevi. Walimvisha kofia, wakamnywesha bia, wakamfundisha kuvuta. Maafisa wa wanyamapori walipomchukua na kumpeleka kwenye kituo cha kutunzia sokwe, vichakani nyuma ya Kiwangwa, jina lilikuwa limekwisha kumganda. Akimwona mtu yeyote, aliweka vidole viwili mdomoni, na mkono wa pili akaunyoosha kuomba.

Aliyemwachisha kuombaomba kule ni Bi Saida.

Bi Saida alikuwa mwenyeji wa Kiwangwa, mke wa Ally, mkulima wa mananasi. Aliingia kituoni kama mpishi. Asubuhi alipika uji wa mtama na soya kwenye sufuria kubwa, akachemsha viazi vitamu, akakata yale mananasi madogo ambayo sokoni hayana mnunuzi. Baadaye Daktari Yunus, daktari wa mifugo mstaafu aliyeanzisha kituo kile, alimwona jinsi alivyokuwa mtulivu mbele ya wavu, akamwomba awe mtunzaji. Tangu hapo akawa anavaa ovaroli ya kijani, buti na barakoa, anaosha mabanda, anaficha karanga na vipande vya viazi kwenye majani ili sokwe wapate shughuli ya kuvitafuta, na jioni anawaita mmoja mmoja warudi kulala.

Sokwe wengine walikuwa na kundi lao. Sigara hakuweza kukaa nao. Alikuwa amekua na watu, lugha ya wenziwe hakuijua. Akichekewa alidhani anatishwa, na akitishwa hakujua kuinama, kwa hiyo alipigwa mpaka akapasuka sikio. Daktari Yunus akamtengea ua wake peke yake. Mchana kutwa mwenziwe alikuwa Bi Saida. Kila alipoweka vidole mdomoni, Bi Saida alimpa kipande cha muwa. Alikitafuna polepole akiwa amefumba macho, makapi akayatema kwenye kiganja na kuyatazama. Kikohozi cha zamani hakikumtoka. Daktari Yunus alisema mapafu yake yalikwisha kuharibika hukohuko baa, na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Kijijini watu walisema yao. Wapo waliosema sokwe ni binadamu waliolaaniwa, na anayekula nao atapata sehemu ya laana yao. Kwenye shughuli, Bi Saida akitia mkono kukanda unga, mmoja wa wanawake alikuwa akimwambia kwa upole, "Pumzika, bibiye, sisi tupo." Alikuwa anajua maana yake. Alinawa mikono, akakaa pembeni.

Kisha Ally alianguka shambani. Walimkuta amelala kati ya matuta ya mananasi, mdomo umekwenda upande. Kiharusi kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua na maneno, kikamwachia machache tu. Mtu aliyekuwa akibeba magunia akawa wa kugeuzwa kitandani.

Bi Saida hakuacha kazi, kwani mshahara wake ndio ulioiweka nyumba. Aliamka kabla ya adhana, akamwosha mumewe, akamnywesha uji kwa kijiko, akamwachia jirani yake Adija ufunguo, kisha akaenda kuwapikia sokwe uji mwingine. Adija naye alifanya kazi jikoni kituoni siku za mapumziko ya Bi Saida, kwa hiyo walipokezana. Siku nyingine Bi Saida alikuwa ameshika bakuli mbele ya Sigara na akajikuta anampangusa kidevu kwa namna ileile aliyompangusa Ally alfajiri.

Binti yao Naila, aliyeolewa Bunju, alikuja kumwangalia baba yake na hakufurahi.

"Mama, baba analala peke yake hapa, wewe uko na wanyama."

"Halali peke yake. Adija yupo."

"Adija si mkewe."

Kilichokuwa moyoni mwa Bi Saida hakikusemeka kwa mtoto. Ally alikuwa amegeuka mtu wa hasira. Alisukuma kijiko, alilia, alimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyempooza. Kule kituoni alikuwa anapata pumzi. Jambo hilo lilimtia aibu, na bado kila asubuhi miguu yake ilikwenda kwa haraka.

Lakini Ally huyohuyo, kila jioni alipomsikia mkewe akivua viatu mlangoni, alikuwa na swali moja. Alilikusanya kwa taabu, mate yakimtoka.

"Kala?"

Alikuwa anamuuliza habari za Sigara. Hakuwahi kumwona hata siku moja.

"Kala, baba Naila. Kamaliza bakuli."

Ally alifumba macho, kidogo uso ukamlegea.

Mvua za masika zilipoanza, Ally alishikwa na kifua. Kituoni kulikuwa na sheria ambayo Daktari Yunus hakuilegeza kwa mtu yeyote: nyumbani kukiwa na mwenye kikohozi au mafua, mtunzaji asije, maana homa ndogo ya binadamu inaweza kumuua sokwe. Bi Saida alimpigia simu akamweleza, akaambiwa abaki. Akabaki. Alikaa ubavuni mwa mumewe akisikiliza ile pumzi inavyokwaruza, na mara mbili tatu alijikaza asifikirie pumzi nyingine iliyofanana nayo. Ally alifariki siku ya Alhamisi, baada ya alasiri. Maneno yake machache yalikuwa yamemtoka yote kabla ya hapo.

Wakamzika. Bi Saida akavishwa nguo nyeupe, akaingia eda. Miezi minne na siku kumi kizuka hukaa ndani, hajipambi, hajitii manukato, na wanaume wasio maharimu wake huzungumza naye wakiwa nje ya pazia. Shemeji yake Kibwana, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyesimamia kila kitu. Alikuwa mtu wa haki na wa maneno machache, na nyumba ile ilikuwa kwenye kiwanja cha baba yao.

Haukupita muda mrefu, Husseni akaja kutoa pole. Huyu alikuwa mtunzaji mwenzake Bi Saida, kijana mwoga wa kuleta habari mbaya. Alisimama nje ya dirisha, pazia likiwa limeshushwa.

"Shikamoo, Bi Saida. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Tushapoa, alhamdulillahi. Hawajambo huko?"

Husseni akauliza habari za Naila.

"Husseni. Nimekuuliza."

"Sigara hali. Tangu ulipoondoka anachukua kidogo, anaacha. Sasa hachukui kabisa. Anakaa kwenye kona amegeukia ukuta, anang'oa manyoya ya mkono. Na kifua kimembana. Daktari anamtilia dawa kwenye juisi, naye haigusi."

"Muwa?"

"Nimempa. Ameuacha mpaka umejaa sisimizi."

Bi Saida alimshukuru, akamwambia awasalimie wenziwe. Wanawake waliokuwa wamekaa naye mkekani walimwona akiinamisha kichwa, wakadhani anamlilia mumewe. Walidhani sawa, lakini si yote.

Alikaa na jambo lile kwa siku kadhaa. Hatimaye alimtuma Adija kwa Maalim Abdulwahab wa madrasa, amuulize kama kizuka anaweza kutoka. Maalim alikuja mwenyewe, akaketi barazani, akajibu kupitia mlango uliorudishwa.

"Mwenye eda ya kufiwa hutoka mchana kwa haja yake, usiku hulala nyumbani kwake. Hilo halina mzozo. Sasa hiyo uliyonayo, Bi Saida, ni haja?"

"Kuna kiumbe hali, maalim. Hali ila kwangu."

"Kumlisha kiumbe ni thawabu. Lakini watu wa hapa hutaweza kuwafunga midomo. Haja yako unaijua wewe na Mola wako."

Kibwana alisikia jioni ileile. Alikuja na kusimama palepale dirishani. Sauti hakuipandisha.

"Shemeji, ndugu yangu hajakauka kaburini. Watasema mke wa Ally ameacha eda akaenda kwa nyani."

"Maalim amesema mchana inaruhusiwa, shemeji."

"Sikatai alichosema maalim. Mimi nakwambia habari ya uso wangu. Kama angekuwa mtoto mgonjwa, ningekupeleka mimi mwenyewe. Kwa mnyama, hapana. Ukitoka, umetoka."

Naila alipigiwa simu. Naye akasema, "Mama, tafadhali. Usitutie aibu."

Kesho yake, jua lilipokwisha kupanda, Bi Saida alijifunika nguo zake nyeupe, akatoka na Adija. Walipanda bajaji iliyoshushwa maturubai pande zote. Wanawake wa kisimani waliiona bajaji ikielekea njia ya kituo, na hakuna aliyehitaji kuuliza ndani kuna nani.

Daktari Yunus alimuuliza kwanza kama ana kikohozi, akampa barakoa, akajitenga. Sigara alikuwa kwenye kona yake. Mgongo ulikuwa umetokeza mifupa, na mkono wa kushoto ulikuwa mtupu kama mkono wa mzee. Aligeuza kichwa mara moja, akamwona mtu mweupe mwili mzima, akarudisha uso ukutani. Alikuwa anaijua ovaroli ya kijani; huyu hakumjua.

Bi Saida alikaa chini kwenye saruji, kando ya wavu. Akaanza kusema naye kama alivyozoea, mambo ya ovyoovyo tu. Kwamba mvua imezidi. Kwamba mananasi ya mwaka huu yameoza chini. Kisha akamwambia, "Baba Naila kafa. Yule aliyekuwa akikuuliza kila siku."

Sigara aligeuka. Alijikokota hadi kwenye wavu, kila hatua akisimama kupumua, akapenyeza kidole, akaushika ukingo wa ule mtandio mweupe na kuuvuta kidogo. Hakuuchana. Aliushika tu, huku Bi Saida akimnywesha uji kwa kijiko kirefu. Alikunywa nusu bakuli. Husseni, aliyekuwa akitazama kwa mbali, alikwenda nyuma ya jiko akakaa huko.

Kabla adhuhuri haijaingia Bi Saida alikuwa amekwisha kurudi nyumbani. Mlangoni alikuta viatu vya wanawake waliokuja kukaa naye kila siku vimeondoka. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Toka siku hiyo eda aliikaa peke yake, ila Adija aliyekuja jioni.

Hakutoka tena; aibu aliyomtia Naila ilitosha. Adija ndiye aliyemletea habari. Sigara alikula siku ile na ya pili yake, kisha kifua kikazidi, akaacha kula, hata kunywa maji. Alikufa asubuhi moja, kichwa kimeegemea wavu, na Husseni alimkuta ameshapoa. Walimzika chini ya mkorosho nyuma ya mabanda.

Bi Saida alimpigia simu Daktari Yunus.

"Daktari, nataka uniambie kweli. Kile kikohozi, ni mimi niliyemletea? Kabla sijajua kama Ally anaumwa?"

"Sijui, Bi Saida. Inaweza kuwa wewe, inaweza kuwa mimi, inaweza kuwa yale mapafu yake tu. Hakuna wa kujua."

"Haya. Ahsante kwa kutonidanganya."

Eda ilipokwisha aliogeshwa na Adija, akavua nguo nyeupe. Naila alikuja, akajifungia na mama yake chumbani, wakalia pamoja kwa mara ya kwanza, lakini wakalia bila ya kuzungumza. Kibwana alimwita barazani mbele ya wazee wawili. Akamwambia kwa adabu kwamba fungu lake la mirathi atapewa lote, hatadhulumiwa hata mche mmoja wa nanasi, lakini pale kwenye kiwanja cha baba yao hapamfai tena. Bi Saida alisema amesikia. Aliomba apewe kitanda alichougulia mumewe. Akapewa.

Sasa anakaa chumba cha uani kwa Adija, na kazini anaenda kama zamani. Kwenye ua wa Sigara wamemweka sokwe jike aliyekamatwa ndani ya kreti bandarini. Bado mdogo, anaogopa watu, na Bi Saida haharakishi kumzoea. Anamwekea bakuli, anasogea mbali, anampa mgongo. Kibwana wakikutana njiani humwamkia, naye huitikia, na kila mmoja hushika njia yake.

Siku moja, wakiosha saruji, Husseni alimuuliza jambo alilokuwa nalo muda mrefu.

"Bi Saida, lau ungejua kwamba atakufa tu, ungekwenda?"

Alisukuma maji kwa ufagio mpaka kwenye mfereji kabla ya kujibu.

"Yule wa nyumbani naye nilijua atakufa tu," alisema. "Na bado nilimlisha. Niletee ndoo hiyo."

Husseni akamletea ndoo. Mvua ilikuwa imeanza tena, na yule sokwe mdogo alikuwa amejikunyata chini ya paa, akiyatazama maji yanavyoingia.