Wino wa Mchele Ulioungua

Juzi binti yangu alitafuna kalamu mpaka midomo ikawa ya buluu, nami nikaisikia tena harufu ya mchele unaoungua. Nilipokuwa mdogo, kalamu za biro zilikwisha kujaa madukani kwetu Mtanda, lakini Bibi, aliyetusomesha Kurani, alikaanga mchele hadi ukawa mkaa, akausaga, akautia maji na gundi ya mkorosho, tupate wino wa kuandikia kwenye mbao zetu.

Siku moja alikuwa ametengeneza wino mpya, na kesho yake nilitakiwa kusoma sura mbele ya wenzangu, na ilikuwa haikai kichwani. Nilishaona wagonjwa wakinywa kombe, zile aya zinazoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji. Nikadhani maneno yote yanakaa ndani ya wino. Bibi alipokwenda kutawadha, niliubugia wote.

Aliporudi akayaona meno yangu meusi, nikamweleza. Alicheka hadi akakaa chini.

“Ee mjukuu wangu, humo hamjaandikwa kitu bado!”