Kura Niliyoiondoa kwa Haya

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tulipangwa mistari miwili katika uwanja wa shule huku kwetu karibu na Keroka, na mimi nilikuwa kijana aliyeoa juzijuzi. Naibu wa chifu alitaka kujua bomba la maji liwekwe wapi: sokoni, au kwenye kilima chetu. Anayetaka soko asimame kushoto, anayetaka kilima asimame kulia. Alihesabu mwenyewe, akipita na fimbo yake na kumgusa kila mtu begani. Siri haikuwepo, lakini angalau ulimwona anayehesabu.

Mimi nilisimama kulia bila kufikiri mara mbili. Mke wangu Moraa alikuwa na mimba, na kila siku alishuka bondeni kwenye chemchemi na kupanda tena na mtungi mgongoni. Hata saa ile ya kura alikuwa hukohuko, kwa sababu maji hayangojei mkutano.

Basi nikageuka, nikamwona mama mkwe wangu amesimama nyuma yangu. Sisi Wakisii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, hawagusani, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Sasa pale mstarini ningepisha vipi? Nikachomoka, nikaenda kusimama kando ya ua kama mtu aliyekuja kuangalia tu.

Mistari ikahesabiwa, ikalingana. Naibu wa chifu akakuna kichwa, akasema bomba liende sokoni. Jioni Moraa alirudi kutoka kwao na uso umebadilika. Mama yake hangeweza kunikemea mwenyewe, kwa hiyo alimtuma yeye.

"Mama amesema hivi: yeye anakaa hapo karibu na soko, hana shida ya maji. Alikuja kwa huo mstari juu yangu mimi. Anauliza, wewe ulitoka juu ya nani?"

Niliona aibu ambayo bado ninayo. Moraa aliteleza kwenye kile kiteremko mara mbili kabla ya kujifungua, na kila mara nilijua ni mimi.

Nimekueleza haya kwa sababu mwaka huu nimerudia. Ndiyo, cheka, lakini sikiliza kwanza. Lile bomba la sokoni lilikauka zamani, na sasa kaunti inataka kuchimba kisima. Vijana wakafungua kundi la wadi kwenye simu, wakatuingiza wote, kisha likaja swali lilelile: sokoni au kilimani? Unagusa jibu kwa kidole, na jina lako linatokea pale na picha yako.

Niligusa kilima. Nikataka kuona nani wenzangu, na mtu wa kwanza kutokea, picha yake imebanana na yangu, alikuwa Kwamboka, mke wa mwanangu mkubwa. Mkamwana wangu, ambaye chinsoni inamhusu vilevile! Je, huku ni kusimama pamoja? Chinsoni inaingia kwenye simu? Sijui, na hadi leo hakuna aliyenijibu vizuri. Nilichojua ni kwamba kidole kiligusa tena, alama ikaondoka.

Kisha nikamkumbuka mama mkwe, Mungu amrehemu, nikagusa tena. Nikabaki nimechanganyikiwa. Imehesabiwa moja, au haikuhesabiwa? Anayehesabu ni nani, na yuko wapi? Nikaona jina la mjukuu wangu wa Nairobi, ambaye hajawahi kubeba hata kikombe kutoka chemchemini, amechagua soko. Karani wa wadi akaandika kwamba hayo ni maoni tu, fomu yenyewe iko kwenye mtandao. Mwingine akasema fomu imefungwa. Nikamwita Moraa anisomee, labda macho yangu ndiyo mabaya.

Alikuwa anatua mtungi. Akaichukua simu, akapitia majina moja moja.

"Na mimi niko wapi hapa?"

Hakuwepo. Hana simu. Siku ya mistari alikuwa bondeni, na siku ya simu alikuwa bondeni. Mara zote mbili nilikuwa nahangaika na nani amesimama karibu nami, na mwenye kiu ya kweli sikumtafuta.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu, hata kama natoa nikiwa bado nababaika. Wakikuuliza neno la wote kwenye simu, kabla hujagusa, uliza nani hayumo humo, na umwendee. Uliza anayehesabu ni nani, mpaka uambiwe jina lake. Na ukishagusa, usiondoe kwa sababu ya haya.

Alhamisi kuna mkutano wa wananchi katika ofisi ya wadi. Nitakwenda na Moraa, na mtungi tutabeba ili hao wakubwa waupime uzito. Kwamboka akisimama mbele yangu, nitainamisha macho, lakini mstarini sitoki.

Mungu akulinde, akupe sauti na watu wa kuisikia, na maji yafike mlangoni kwako kabla mgongo wa mama yako haujapinda. Amina.