Ukuta wa Paskalina

Pa! Kiganja kidogo juu ya udongo mbichi, kisha kicheko. Sauti hiyo Paskalina aliibeba maisha yake yote. Ukimwuliza habari za binti yake, hakukueleza sura wala mwendo. Alijipiga paja tu: pa.

Walikaa mlimani, ng'ambo ya mto Ruaha Mdogo ukitoka Iringa mjini, katika nyumba ya udongo yenye ukumbi na chumba kimoja. Mumewe, Liberatus Kalinga, aliondoka mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza. Alikwenda Lupa, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu karibu na Makongolosi, kwa kuwa shamba la baba yake lilikuwa dogo na wao ndugu walikuwa wengi. Paskalina alikuwa na mimba changa. Asubuhi ya safari Liberatus alisimama mlangoni na mfuko wake begani, akautazama ukungu ukipanda kutoka bondeni na kuku wakishuka kutoka mtini.

"Nitakosa mengi," alisema.

"Nitakuwekea," Paskalina akamjibu, hata hajui ataweka wapi.

Kuandika hakujua. Shule ya misheni aliijua kwa kengele yake tu. Ila kusiliba alijua, kama mwanamke yeyote wa kule. Masika yakiisha, kila mmoja huchota udongo mweupe mtoni, akauchanganya na samadi na maji, akaupaka ukutani kwa kiganja mpaka nyumba ing'ae. Siku moja Paskalina alikuwa akisiliba ukumbini, mama kuku akapita mlangoni na vifaranga wake, jua la jioni likiwarefusha vivuli. Alichovya kidole kwenye masizi ya chungu, akawachora kwenye udongo uliokuwa bado mbichi. Alipomaliza alicheka peke yake.

Tangu hapo, kila jioni kabla ya kuwasha moto, alijiuliza: leo nimepewa nini? Na kila siku ilikuwa na kitu. Sakitu, umande ulioganda kwa baridi, iliyoyafanya majani ya maharage yawe meupe kama chumvi. Mwanzi uliokatwa kichwa, pombe ya ulanzi ikidondoka kwenye kibuyu. Mzee jirani aliyesinzia wima, ameegemea jembe. Masizi, majivu na udongo mwekundu wa kichuguu ndizo zilikuwa rangi zake. Ukuta ukikauka, alilowesha mahali padogo kwa maji, akachora hapo.

Wifi yake Evarista, dada wa Liberatus, alikuwa akija kuazima kinu, anasimama na kuukagua ukuta, mikono kiunoni.

"Wifi, kuku wako huyu ana miguu mitatu."

"Mmoja ni mkia."

"Basi huo mkia unatembea! Kaka yangu akirudi atadhani huku tulipatwa na balaa."

Roza alizaliwa wakati wa mvua. Watu waliokuwa wakienda Lupa walimpelekea baba yake habari, na habari zikarudi kwamba amefurahi, na kwamba tangu siku ile wenzake mgodini wanamwita Baba Roza. Mtoto alitembea mapema. Siku moja, mama yake akiwa amelowesha ukuta ili achore mvua ya mawe, Roza alijitupa mbele na kuupiga kwa mkono. Pa! Alipoutoa, alama ilibaki: vidole vitano vifupi, na mstari wa kiganja. Paskalina aliacha mvua ya mawe. Leo nimepewa hiki, alisema moyoni, na kuzunguka alama ile aliacha nafasi, asichore kitu.

Surua ilipita kijijini kabla ya mavuno. Ilimchukua Roza.

Baada ya mazishi habari zilipelekwa Lupa, na ukuta ukakaa bila kitu kipya. Paskalina alikuwa akirudi shambani anakaa chini, mgongo ukiwa umeelekea ule ukuta. Halafu jioni moja jirani alimletea chumvi kwenye jani la mgomba, bila kuombwa, akaondoka. Paskalina aliitazama ile chumvi, kisha akainuka na kulichora lile jani. Hakuwa amepona. Ila ahadi ilikuwa ahadi, na Liberatus alikuwa hajui hata mkono wa mwanawe ulikuwa na ukubwa gani. Kwa ajili ya hilo aliendelea. Kila mwaka alisiliba kuta zote isipokuwa ule mmoja, nao ukawa mweusi kwa moshi, na watu wakasema mwenye nyumba amekuwa mvivu.

Miaka ilikwenda. Kisha Jailos, kijana wa jirani aliyekuwa mgodi mmoja na Liberatus, akarudi na habari.

"Kaka anakuja. Atashuka na basi la kutoka Mbeya. Lakini shemeji, usimtazamie yule uliyemjua. Lile vumbi la mawe limeingia kifuani."

Paskalina alikwenda mjini kumngoja. Basi halikufika siku ile, ikabidi alale kwa Bibie, mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na kituo. Liberatus aliposhuka, Paskalina alimtambua kwa masikio tu. Mengine yote yalikuwa yamepungua.

"Karibu, Baba Roza."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo mbele ya mama wa mtoto. Alishika nguzo ya kituo, akakohoa, kisha akauliza, "Uliniwekea?"

"Nimekuwekea ukutani. Vyote. Na mkono wake upo."

"Mkono wenyewe?"

"Wenyewe. Utaweka wako juu yake."

Njiani walipumzika kila penye kivuli. Lakini kila walipopumzika yeye ndiye aliyetangulia kusimama. "Twende," alisema, "nikauone." Paskalina akamtajia picha moja moja, naye akauliza kuhusu kuku, kuhusu mianzi, kuhusu yule mzee wa kusinzia. Paskalina akamweleza, naye akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Hata katika unyonge ule, Paskalina aliona jinsi mwanga ulivyopita katika masikio yake na kuyafanya mekundu, akasema moyoni, kesho nitachora hayo.

Walipofika uani Paskalina alisikia vigelegele. Kisha akasikia harufu. Udongo mbichi. Alijua kabla hajavuka kizingiti.

Evarista alitoka na wanawake wengine, mikono yao myeupe hadi kwenye viwiko. "Karibu, kaka! Tazama, nyumba imekuwa kama ya bwana harusi!"

Msafiri wa miaka hapokewi kwenye kuta kuukuu. Hilo kila mtu wa pale alilijua, Paskalina mwenyewe akiwemo, na siku nyingine angefika na ndoo yake kumsilibia mwenzake. Ndani, kuta zote nne ziling'aa. Hapakuwa na kuku, hapakuwa na sakitu, hapakuwa na jani.

"Ahsante, wifi," Paskalina alisema.

"Umeipenda?"

"Na mkono?"

Evarista alishusha macho. "Niliuona. Lakini wifi, mtu atoke safari, aingie, kitu cha kwanza akutane na kilio? Nilipaka pale kwa mkono wangu mwenyewe, polepole. Nilidhani ninawapunguzia."

Hakuna aliyemgombeza. Liberatus alikaa kwenye kigoda, akautazama weupe ule kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Siku zilizofuata Paskalina alijaribu kwa ukucha, kisha kwa kipande cha kibuyu. Udongo mpya ulikuwa umeshikana na wa zamani. Ukibandua mmoja, wote hudondoka pamoja kama magamba. Aliacha kabla hajaifikia ile sehemu. Evarista alikuja na masizi kwenye kifuu, amelia mpaka macho yamevimba. "Chora tena, wifi. Mimi nitakushikia taa."

"Kuku nitaweza. Mkono siwezi."

Lakini hata kuku hakuchora. Jioni zilifika na kupita, naye hakujiuliza tena amepewa nini. Liberatus hakuwa na nguvu za kutoka uani, kisha hakuwa na nguvu za kutoka ukumbini. Wakamtandikia mkeka chini ya ukuta, kwa kuwa hapo palikuwa na joto la jiko.

Mchana mmoja, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani, alimwita.

"Mama Roza. Ulikuwa wapi?"

Alijua anauliza mkono. Alipiga magoti karibu naye, akapima kwa macho kutoka kwenye mlango, kutoka kwenye msumari wa ungo, akashuka hadi kimo cha mtoto aliyejua kutembea juzijuzi tu. Hapo ukuta ulikuwa mweupe kama kwingine. Akaushika mkono wa mumewe, mkono mgumu wa nyundo na mawe, akaufungua vidole kimoja kimoja, akauweka.

Liberatus akakandamiza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, kana kwamba chini ya udongo ule kitu kingesukuma kumjibu.

Paskalina akainama mpaka midomo yake ikakaribia sikio lake.

"Taratibu," alimnong'oneza. "Ni mdogo."