Mpira Usiopanda: Mama Godelieve na Kiwanja cha Ndakala

Jua liko utosini, na Mama Godelieve amepiga magoti mchangani anageuza ndakala. Anapitisha viganja chini yao, anawainua, anawatawanya upya, kisha anasogea mbele kidogo na kuanza tena. Mgongo haunyooshi. Ndakala, wale dagaa wadogo wa ziwa hili, hawana subira: wasipogeuzwa adhuhuri, jioni wanatoa harufu na mnunuzi anapita bila salamu.

Huu ni ufuko wa Kalemie, mji ambao karatasi za serikali bado zinauita Albertville, mwezi wa nane mwaka 1963. Ziwa limekuwa likipanda tangu mvua kubwa za mwaka juzi. Pale ambapo wanawake walianika samaki zamani, leo mitumbwi inaelea. Mchanga uliobaki wamegawana vipande-vipande, na kila mwanamke anakijua kipande chake kama anavyoijua sufuria yake.

Kipande kimoja tu, katikati kabisa, hakina samaki. Kina mawe manne, mawili huku na mawili kule.

"Hicho njo kiwanja," anasema Mama Godelieve bila kuinua kichwa. "Usikanyage na viatu."

Basi ndicho hicho. Mtu mzima anakivuka kabla hajamaliza kukohoa, na bado mji umebishana juu yake tangu Pasaka, wanaume kwenye pombe, wanawake kisimani, hata watu ambao hawajawahi kuugusa mpira tangu wazaliwe.

Mama Godelieve ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Moba, akaletwa hapa kwa bato, ile meli ya ziwani, akiwa bibi arusi. Kikapu kimoja cha ndakala wakavu, msimu ukiwa mzuri, kinatosha kulipa minerval, ada ya shule, ya mtoto mmoja kwa muhula. Msimu ukiwa mbaya, kinatosha chumvi na sabuni. Ana watoto watano.

Mume wake, Papa Hubert, ni kapita, msimamizi wa wapakuzi bandarini, mwenye sauti inayoweza kusimamisha kreni. Jioni, kengele ya bandari ikishalia, anafundisha watoto wa bandari mpira kwenye kiwanja kikubwa karibu na misioni. Mpira wake ni ule mrefu: beki anapiga, wote wanakimbia, na mwenye kifua kipana ndiye anayefika kwanza.

Pascal, mtoto wao wa kwanza, ana miaka kumi na mmoja na kifua cha kifaranga. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

"Msimu muzima mutoto wangu aligusa mupira na mikono tu," anasema mama yake. "Anasimama nyuma ya goli, mupira ukitoka anaokota, anarudishia wakubwa. Nikauliza bwana yangu, Papa Pascal, huyu ataanza kucheza lini? Akasema, akue kwanza. Nikamuuliza, atakua miguu ao mikono?"

Papa Hubert, akiulizwa, anakuna shingo. "Alisema hivyo kweli," anakiri. "Tena mbele ya wageni."

Kesho yake Mama Godelieve alihamisha samaki wake. Akakiacha kipande chake cha mchanga kitupu, akawa anapanda mteremko na beseni kichwani kwenda kuanika juu ya mawe nyuma ya nyumba, akipigana na kuku wa jirani. Kipande akawapa Pascal na wenzake, wale wote waliokuwa wakiokota mipira.

Lakini kulia na kushoto kulikuwa na samaki wa watu. Mama Hortense, jirani yake wa mchangani, mwanamke mwenye maneno machache na yote makali, alitoa onyo siku ile ile: "Mupira ukianguka juu ya ndakala wangu, nitaupika pamoja nao."

Kwa hiyo sheria za mchezo hazikutoka kwenye kitabu chochote. Zilitoka kwa samaki. Mchanga ni mwembamba, basi wanne kwa wanne, hakuna kipa. Mpira usipande juu ya goti. Atakayeupeleka kwenye samaki anatoka, anakwenda kufukuza kunguru, na wenzake wanabaki watatu mpaka goli lifungwe. Walioshindwa wanageuza ndakala wa wenye vipande, washindi wanabaki kucheza na wanaofuata.

Mtu akitaka kuona faida ya mambo hayo, akae pale mchana mmoja tu. Hakuna mtoto anayesimama akiuma kucha. Mpira unamfikia, unamwacha, unamrudia, na kila ukimfikia kuna mguu wa mwenzake puani. Hana nafasi ya kupiga kombora, kwa hiyo anajifunza kutuliza, kugeuka, kutoa pasi chini kwa chini. Anayebaki upande wa watatu anajifunza akili kwa lazima. Wanawake nao walianza kuona samaki wao wanageuzwa bila wao kuinama, wakaacha kununa.

Ikaja Pasaka. Papa Hubert, kwa utani zaidi kuliko kwa ubaya, akawaalika watoto wa mchangani wacheze na watoto wake wa bandari kwenye kiwanja kikubwa, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja.

Ilikuwa aibu ya mwaka. Watoto wa mchangani walijibana katikati ya uwanja, wote kumi, wakipasiana vizuri ajabu ndani ya eneo la kitanda. Mpira ukienda pembeni walisimama. Miguu yao ilikataa. Mwezi baada ya mwezi walikuwa wamejifunza kwamba pembeni kuna samaki, na ukikanyaga samaki wa Mama Hortense utajuta. Watu walipoelewa, walicheka mpaka wakashika mbavu. Kelele zikaanza: "Samaki iko wapi? Samaki iko wapi?"

Walipigwa saba bila. Pascal alirudi nyumbani kwa kupitia njia ya nyuma, na chakula cha jioni hakukigusa.

Papa Hubert hakucheka nyumbani, ana akili. Alisema tu, "Mama Pascal, mupira njo watu kumi na moja. Mupira si ndakala."

Aibu ya watu inasahaulika, lakini maji hayasahau. Wiki chache baadaye ziwa lilimeza vipande viwili vya mwisho wa ufuko, na wanawake wawili wakabaki na mabeseni yao hawana pa kuanika. Mama Hortense akaja kusimama mbele ya mawe manne.

"Godelieve, dada yangu," alisema, "wenzetu samaki wao wanaoza, na sisi tumeweka mchanga wa michezo. Tena ya kupigwa saba."

Neno hilo lilimwingia. Halikuwa neno baya, lilikuwa neno la haki, na ndiyo sababu liliuma. Kipande kikirudi kwa samaki, watoto wale wangerudi nyuma ya magoli ya wakubwa. Alijua hivyo. Pascal naye alijua, alikuwa amesimama pale pale na mpira wa matambara kwapani.

Mama Godelieve akawapa wale wawili mawe yake yote nyuma ya nyumba, pamoja na wale kuku wa jirani. Kisha akaomba muda mpaka Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, siku ambayo watoto wa bandari hutafuta mtu wa kucheza naye. "Wakipigwa tena," aliwaambia wanawake wote, "mawe haya nitayatoa mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Hamutasikia neno kwangu."

Samaki wake mwenyewe akaanza kuwaanika juu ya bati la nyumba. Papa Hubert anasema nyumba ilinuka mpaka ndotoni.

Mwanamke huyu hajui mpira, na hajidai kuujua. Anajua kutandaza. "Ndakala ukiwarundika wanaoza," anaeleza, na sasa ndipo anainua uso kwa mara ya kwanza. "Kila mumoja anataka jua lake. Nikaona watoto wangu walijirundika. Nikasema, basi tuwatandaze."

Akaenda kwa Mama Hortense akaomba jambo moja: jioni, samaki wakishakusanywa, vipande vya kulia na kushoto viwe vya watoto kwa muda kidogo. Mama Hortense akasema, "Wakifagia."

Mchezo ukabaki wanne kwa wanne katikati. Lakini sasa kila kipande cha pembeni kiliwekwa mtoto mmoja, na mtoto huyo haruhusiwi kutoka mpaka mpira umfikie, na goli halihesabiwi mpaka mpira umepita kwake. Siku za kwanza ilikuwa vurugu. Ngoy, mdogo kuliko wote, aliyewekwa kipande cha Mama Hortense, alikuwa akiupokea mpira kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Taratibu miguu ikaamini kwamba hapakuwa na samaki. Baadaye wakafunguliwa vipande viwili zaidi, kisha ufuko mzima, wakicheza wanne hapa, wanne pale, na mpira ukihama kutoka kundi hadi kundi.

"Kiwanja kikubwa njo vipande vidogo vilivyoshonwa pamoja," Pascal alimwambia baba yake siku moja wakila.

Sikukuu ikafika. Baada ya misa, mji ukamiminika kiwanjani na nguo za kanisani. Wanawake wa mchangani walisimama nyuma ya goli moja, Mama Hortense akiwa mbele, mikono kifuani, uso wa mtu aliyekuja kudai haki yake. Mama Godelieve alikuwa pembeni yake.

Mpira haujaguswa mara kumi, beki wa bandari akapiga moja ndefu, wakakimbia, goli. Kelele ya zamani ikarudi: "Samaki iko wapi?" Mama Godelieve akafumba macho. Alikuwa tayari anayaona yale mawe manne mikononi mwake.

Alipofumbua, mpira ulikuwa chini. Pascal kwa mwenzake, mwenzake nyuma, nyuma kwenda pembeni, na pembeni kabisa, amesimama peke yake juani, Ngoy anangoja kwenye kipande chake. Wakubwa wa bandari wakamkimbilia wote, na walipofika mpira ulikuwa umekwisha kurudi katikati, ambako hakuna aliyebaki kumkaba mtu. Goli. Wakawa sawa, moja kwa moja.

Kuanzia hapo ilikuwa raha tupu. Wale wenye vifua walikimbia, wakakimbia, wakakimbilia vivuli. Mpira haukupanda juu ya goti. Kelele zikapungua, zikawa minong'ono, kisha vicheko vya aina nyingine kabisa. Kabla ya mapumziko ikawa mbili kwa moja.

Dakika za mwisho, Pascal alijikuta mbele ya goli, nafasi wazi, kipa ametoka. Sauti ikapasua uwanja mzima, sauti ile ya kusimamisha kreni: "Piga, Pascal, piga!"

Alikuwa Papa Hubert, mwalimu wa wapinzani. Alisahau timu yake ni ipi.

Pascal hakupiga. Aliona mguu wa beki unakuja, akausukuma mpira chini kwa upole kwenda kulia, ambako Ngoy aliuweka ndani kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Tatu kwa moja. Papa Hubert alikuwa ameruka juu, mikono hewani, na wapakuzi wake wote wanamtazama.

Filimbi ilipolia, Mama Hortense ndiye aliyetembea wa kwanza. Alifungua kitenge chake cha juu, kile kipya cha sikukuu, akakitandaza kwenye vumbi mbele ya watoto, kama inavyotandazwa kwa maharusi na maaskofu. Wanawake wa mchangani wakafungua vyao, kimoja baada ya kingine, mpaka ikawa njia. Watu wakaanza kuimba, "Samaki iko hapa, samaki iko hapa." Mama Godelieve alilia wazi-wazi, na watoto wakapita juu ya vitenge wakiusukuma mpira chini kwa chini.

Leo ni wiki moja baadaye. Mawe manne yako mahali pake, na hakuna anayeyataja. Maji bado yanapanda, Mama Godelieve haoni sababu ya kujidanganya. Yakifika hapa, atawahamishia watoto juu mteremkoni, kuku watake wasitake. Anachokiwaza sasa ni Moba. Shule ya misioni ya kule imesikia habari na imewaalika kwa Noeli. "Nataka waende na bato, kama nilivyokuja mimi," anasema. "Wanne, kumi na moja, hata mmoja mmoja. Nataka Moba waone."

Kengele ya bandari inalia, ile ya mapumziko ya adhuhuri. Baada ya muda mfupi watoto wanashuka ufukoni, na siyo wale wa mchangani peke yao. Wakubwa wa bandari wako nyuma yao, wamevua viatu, na mbele yao anatembea kapita mwenyewe na suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Mama Pascal," anasema Papa Hubert, kwa sauti ya chini isiyo yake, "na hawa wangu, tuwaweke wapi?"

Mama Godelieve anamtazama juu mpaka chini. Kisha anamwonyesha kipande cha Mama Hortense, ambako samaki bado wamelala upande mmoja.

"Wageni wanaanza kule," anamwambia.

Na Papa Hubert, kapita wa bandari, anapiga magoti mchangani, anaanza kugeuza ndakala.