Wifi na Makofi ya Jumapili

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana saluni ya nywele, na saluni hiyo ina kelele kuliko gereji. Redio, mashine za kukaushia nywele, na juu ya vyote hivyo yeye mwenyewe, maana hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini tangu azaliwe. Mume wangu anasema hata siri za utotoni alizinong'ona zikafika mtaa wa pili. Mtu kama huyo, ukiambiwa ndiye aliyekabidhiwa ukimya wa ukumbi mzima wa muziki, si utacheka? Mimi nilicheka, nikanuniwa wiki nzima.

Kila mwezi, Jumapili mchana, watu wa mtaani kwetu hukusanyika kwenye ukumbi wa maktaba kusikiliza muziki wa klasiki: piano, fidla, waimbaji. Hakuna kiingilio, viti ni vya plastiki, na piano tulipewa na shule iliyokuwa inahama. Muziki ni mtamu, ila una mtego. Kazi moja inaweza kuwa na vipande vitatu au vinne, na kati ya kipande na kipande wapigaji hunyamaza kidogo kama watu waliomaliza. Ukipiga makofi hapo umeumbuka. Wajuaji wa mstari wa mbele wanageuka kukutazama kama umepiga chafya juu ya sahani yao. Basi ikawa kila muziki ukinyamaza tunatazamana, mikono imeinuliwa nusu, hakuna anayetaka kuanza.

Wifi ndiye aliyetukomboa. Siku ya kwanza tu aliyokuja, alipiga makofi peke yake, pa! pa! pa!, bila wasiwasi wowote, na kweli ulikuwa mwisho. Mwezi uliofuata, vilevile. Baada ya hapo hakuna aliyesumbuka kusikiliza mwisho, tukawa tunaangalia mikono ya Wifi. Akapewa kiti cha mbele, nami pembeni yake. Wajuaji wakaanza kumuuliza maoni, naye, kilemba cha ukoka kimemkaa vizuri kichwani, akawa anayatoa: "Ile ya pili ilikuwa na huzuni, lakini huzuni yenye adabu."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Wifi hajui muziki hata chembe. Alichogundua ni kwamba mpiga piano wetu, mzee mmoja mstaafu tunayemwita Mwalimu, akimaliza kabisa hutoa leso mfukoni akajifuta kipaji cha uso. Katikati hajifuti.

"Wifi, mimi wateja wangu nawasoma kwenye kioo hata hawajafungua mdomo," aliniambia. "Nitashindwa kumsoma mzee mmoja?"

Mambo yangebaki kuwa kichekesho chetu wawili kama si binti yangu. Binti yangu anaimba. Mwaka jana alipoimba pale kwa mara ya kwanza, Wifi hakuwepo, alikuwa na bibi harusi saluni. Kipande cha kwanza kilipoisha, watu, kwa kukosa mikono ya kuangalia, wakalipuka makofi. Mtoto akadhani anaambiwa imetosha. Akainama, akatoka mbio, akajifungia kwenye stoo ya viti. Tangu siku hiyo hakuimba tena, hata bafuni. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile kiliniuma kuliko nilivyomwonyesha.

Mwaka huu alikubali kujaribu tena, kwa sharti. Tulikwenda naye saluni, akamwambia shangazi yake, "Shangazi, wewe ndiye utakayewashika watu. Makofi yakianza kabla sijamaliza, siimbi tena. Na sitanii."

"Mwanangu," Wifi alimjibu, mikono imejaa povu la mteja, "kwangu mimi uko salama kama yai chini ya kuku."

Siku yenyewe ikafika. Kamati ya ukumbi, kwa nia njema, ikazima feni ya dari isije ikaharibu sauti ya mwimbaji. Joto likawa la tanuri. Binti yangu akaimba kipande cha kwanza, Wifi katulia, ukumbi nao umetulia. Akaingia cha pili. Katikati yake kuna mahali piano inanyamaza na mwimbaji anavuta pumzi. Mwalimu, aliyekuwa amelowa kama tambara la deki, akatoa leso akajifuta.

Pa! pa! pa!

Ukumbi mzima ukafuata, na huko nyuma mtu akapiga mpaka mluzi. Binti yangu akabaki mdomo wazi. Kisha akatazama mlango wa stoo. Nilitamani ardhi inimeze, nimalize kabisa habari ya kuwa mama.

Wifi alipouona uso wa mtoto, alielewa. Akasimama, akapaza sauti ile ya saluni:

"Acheni! Acheni makofi! Jamani, mimi sijui muziki! Huwa namwangalia Mwalimu akijifuta jasho, basi! Leo mzee wa watu kasikia joto tu! Mtoto hajamaliza!"

Mwalimu akaitazama leso yake kama kitu alichookota. Mjuaji mmoja aliyevaa tai akasema polepole, "Kumbe? Mimi huwa nakuangalia wewe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Binti yangu alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika piano.

"Shangazi, kaa chini," akasema. "Bado."

Akaimba. Aliimba vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu, ingawa ni wangu. Mwisho ukaja, sauti ikazima. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Tukakaa, na kukaa, mtoto anatutazama, sisi tunamtazama.

"Nimemaliza," akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniitia kutoka chooni alipokuwa mdogo.

Paa likataka kuezuka kwa makofi. Wifi peke yake hakupiga. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, machozi yanamtiririka, na akaniinamia sikioni akanong'ona, kwa mara ya kwanza maishani mwake kunong'ona kweli:

"Wifi, una hakika?"

Ikabidi nimvute mikono mwenyewe.