Sanduku la Sinema Matangani

Mwaka niliorudi kutoka Zambia hapakuwa na mtu mwingine Mbeya nzima aliyemiliki sinema ya kubeba mkononi. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu nilimtafuta mtu huyo na sikumpata. Huku Bara hatukuwa na televisheni. Sinema ilikuja kwa gari la serikali, ikaonyesha namna ya kuchimba choo, ikaondoka. Mimi niliingia Mwanjelwa na sanduku la kijivu, ukubwa wake kama cherehani ya mkono ikiwa ndani ya kifuniko chake. Ukilifungua, kifuniko kinasimama na kuwa kioo cha upana wa kitabu kilichofunuliwa, na ndani ya kioo hicho watu wanatembea. Halikuwa na sauti. Lilitumia umeme wa ukutani au betri ya gari, na kazi ya kuliunganisha na betri niliifanya mwenyewe kwa mikono hii.

Nilikuwa na haki ya kuifanya. Nilikwenda kwenye migodi ya shaba nikiwa kijana wa kusukuma toroli, nikarudi nikiwa fundi umeme mwenye diploma. Mchana nilifanya kazi, jioni nilisoma, na hakuna mjomba wala padri aliyeniombea nafasi. Mashine niliinunua kwa mhandisi Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, pamoja na kamera yake ndogo na filamu nne. Sikubebwa na mtu katika maisha yangu, isipokuwa dada yangu, na yeye alinibeba kweli, mgongoni, tangu mama alipofariki. Baba aliposema shule inatosha, dada ndiye aliyepika pombe ya kuuza nikaendelea.

Dada huyo aliolewa Mufindi, katika kijiji kisicho mbali na Mafinga. Mumewe alikuwa mpasuaji mbao, kisha naye akaondoka kwenda migodini. Aliandika barua kwa miaka miwili, halafu kimya cha miaka saba. Mimi na yeye hatukukutana huko. Zambia si kijiji, na migodi ni mingi.

Mwezi wa tatu tangu nirudi, nikapata barua ya baba mkwe wa dada. Ukoo umeamua kwamba mtoto wao amekufa. Matanga yanamalizwa Jumamosi, na mjane atarithiwa na mdogo wa marehemu. Kwa kuwa baba yetu hayupo tena duniani, mimi ndiye mwanamume wa upande wa mke. Neno lazima nilitoe mimi. Bila neno langu hawawezi kumnyoa wala kumkabidhi kwa mtu.

Nilibeba nguo mbili na sanduku la sinema. Nani angeniona kuwa nimefika, kama ningekwenda mikono mitupu?

Kwenye basi sikukubali lipandishwe juu na mizigo. Nililipakata toka Mbeya. Kwenye kizuizi kimoja polisi aliniamuru nilifungue.

"Hii nini?"

"Sinema, afande."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Yako wewe peke yako?" Akaita mwenzake. "Njoo umwone huyu. Ana sinema yake peke yake, kama mswaki."

Basi zima lilicheka, na mimi nilicheka nao, maana kicheko kile kilikuwa cha heshima. Mafinga nikadandia lori la mbao, na utingo alinipisha kiti chake cha mbele kwa ajili ya sanduku.

Dada alinipokea jikoni, si sebuleni. Alikuwa amekonda. Baada ya kamwene, salamu ya kwao, na habari za njia, alifunga mlango kwa mguu na kusema, "Usiwape neno."

"Dada, ni miaka saba."

"Wewe ulikaa miaka minne bila kuandika hata mstari. Nani alikufanyia matanga?"

Nikamwambia mdogo wa mumewe si mtu mbaya. Ni kweli, hakuwa mbaya. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, ambako msumeno ulimla vidole viwili, na alikuwa na mke na watoto watano.

"Sijasema mbaya," dada alisema. "Huyo mkewe mimi ndiye niliyemfundisha kusonga ugali siku aliyoletwa hapa. Leo niingie nyumbani kwake nikiwa mdogo wake? Na mume wangu akitokea pale barabarani kesho, nitamwambia nini? Kwamba sikuweza kungoja?"

Nilimwambia tutaona. Ndivyo nilivyosema: tutaona.

Siku iliyofuata, Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, wazee walitaka kuiona mashine. Nilileta betri niliyoiazima kwa mwenye lori, tukaziba madirisha ya sebule kwa mablanketi, tukafunga mlango. Baba mkwe alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Mdogo wa mume alichuchumaa karibu na ukuta. Wanawake walikaa mkekani, dada katikati yao. Niliwaeleza kwanza uwezo wa mashine, kwa sababu watu wasipoelezwa huona miujiza pasipo na miujiza. Niliwaambia inakwenda mbele na kurudi nyuma. Niliwaambia nikivuta kishikizo hiki, picha inasimama kimya kama iliyopigwa studio. Hilo liliwapendeza kuliko yote.

Kilichomfaa mtazamaji nilikifahamu, nikaanza na filamu ya Wazungu wanaoteleza kwenye theluji.

"Hiyo chumvi yote ni yao?" baba mkwe aliuliza.

"Ni theluji, mzee. Ni kama barafu."

"Na ng'ombe wao wanailamba?"

"Haina ladha."

"Basi ni hasara tupu," alisema, na mdogo wa mume akacheka hadi akakohoa. Hata dada alitabasamu. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama niliwahi kuipata tena ndani ya nyumba ya watu wengine.

Kisha nikaweka filamu niliyoipiga mwenyewe, kituo cha basi cha Kitwe, huko huko Zambia, siku niliyokuwa nikijifunza kutumia kamera. Filamu hiyo ilikwenda kusafishwa Ulaya kwa posta na kurudi baada ya miezi miwili. Ilikuwa ya dakika tatu: mabasi, wauza maandazi, watu wanapanda na kushuka. Nilipokuwa nikiwaeleza majina ya mabasi, dada alisimama.

"Rudisha."

Nikarudisha. Watu wakatembea kinyumenyume, maandazi yakaingia kwenye sufuria, kila mtu akacheka isipokuwa yeye. Picha ikaenda mbele tena. Mwanamume mmoja alikuwa anashuka basini na godoro lililokunjwa kichwani. Alifuta uso kwa kiwiko, akageuza kichwa kidogo, akapita.

"Huyo," dada alisema. "Huyo ni mume wangu. Anafuta uso hivyo hivyo tangu nilipomjua, kwa kiwiko, hata mkono ukiwa mtupu."

Kicheko kilikufa. Nilirudisha mara ya tatu, mara ya nne. Godoro lilitia kivuli usoni mwake. Alikuwa wa urefu ule, lakini urefu ule wanao wanaume wengi. Mmoja wa akina mama alisema masikio ni yake. Mwingine alisema yule wa kwetu hakuwa mwembamba hivyo. Mdogo wa mume alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo, akasema polepole, "Kaka alikuwa akitembea hivi. Lakini sijui."

Nataka iandikwe kwamba alisema hivyo. Alikuwa na sababu ya kusema hapana, na hakusema.

Baba mkwe aliinuka kitini. "Macho yangu hayawezi kumfuata mtu anayetembea. Wewe umesema mashine yako inasimama. Isimamishe."

Hapa ndipo lilipo kosa langu, na sitalificha nyuma ya diploma. Mhandisi aliponiuzia mashine alinionya: taa ya ndani ni kali kama pasi, na filamu inaokoka kwa sababu haitulii mahali pamoja. Ukiisimamisha, hesabu pumzi tatu na uiachie. Nilikumbuka onyo hilo vizuri. Lakini mzee alikuwa ameinama, anatafuta miwani yake mfukoni, na wote walikuwa wakinitazama. Baada ya maelezo yangu yote, sikutaka kuonekana ninasema mashine yangu haiwezi. Nikavuta kishikizo.

Yule mtu akasimama, kiwiko usoni, ameanza kukishusha. Mzee alipata miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Dada alipiga magoti mbele ya kioo. "Subiri," alisema, "subiri, naanza kuyaona macho."

Nilisubiri.

Doa la kahawia lilitokea kwenye shavu la yule mtu, likafura kama uji unaochemka, likapasuka. Uso wote ukaliwa, halafu godoro, halafu basi, na kioo kikabaki cheupe. Moshi mchungu ukatoka kwenye sanduku. Nilizima, lakini nilizima nikiwa nimekwisha chelewa.

Mtu alivuta blanketi dirishani, mwanga wa saa nane ukaingia, na tukaonana. Bibi mmoja, shangazi wa ukoo, ndiye aliyetamka kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza hali ya hewa:

"Ameungua. Kama angekuwa hai asingeungua."

"Bibi, ni taa," nilisema. "Ni joto la taa. Angeungua yeyote aliyesimamishwa pale."

"Mbona wale wa kwenye chumvi hawakuungua?"

"Sikuwasimamisha wale."

"Ndiyo," alisema. "Aliyesimama ni yeye."

Niliwaeleza tena, kwa Kiswahili cha shule na kwa Kiswahili cha nyumbani. Waliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyomwitikia mfiwa. Mzee alivua miwani. Kisha akaniuliza swali la haki, na mpaka leo sijapata mtu aliyewahi kuniuliza swali la haki kuliko hilo.

"Picha hii uliipiga wewe. Ulikuwa umesimama hapo, hatua chache tu kutoka kwa mtu yule. Acha mashine. Wewe kwa macho yako, ulimwona shemeji yako?"

Dada alikuwa bado amepiga magoti. Hakuniomba. Alinitazama tu, na nilijua kwamba neno moja lingetosha. Wazee wangengoja mwaka, labda miwili. Wangemtuma mtu Kitwe.

"Sikumwona," nilisema.

Ulikuwa ukweli. Siku ile Kitwe jicho langu lilikuwa kwenye kitundu cha kamera, na akili yangu ilikuwa kwenye vipimo vya mwanga.

"Hukuangalia," dada alisema.

Usiku ule alikataa kula. Jumamosi asubuhi watu walijaa uani. Nilipelekwa mbele, nikasimama na koti langu la Kitwe, na mzee akaniuliza kama upande wetu una neno. Ningeweza kusema bado. Neno hilo ni fupi, mtoto anaweza kulisema. Lakini tangu jana watu walikuwa wakilipita sanduku langu kwa mbali kama jeneza, na nilitaka tena kuwa mtu ambaye akisema jambo linakwisha. Nikasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani kwamba upande wetu umeridhika, na kwamba tuliyewapa mwanzo tunawapa tena.

Wanawake walimkalisha dada kwenye mkeka. Aliinamisha kichwa mwenyewe kabla hawajamgusa. Wembe ulipomaliza, mdogo wa mume alimfunika mabega kwa khanga mpya, kwa mkono wenye vidole vitatu, taratibu, huku akitazama chini. Mkewe wa kwanza ndiye aliyembebea dada kikapu chake cha vyombo hadi nyumba ya pili, na dada alimfuata nyuma.

Nilikwenda kumuaga kabla ya kutafuta lori. Alikuwa ameshainamia moto wa watu wengine, akipuliza.

"Nakwenda, dada."

"Salama," alisema.

Aliishi na yule bwana miaka mingi, akamzalia watoto wawili, na sijasikia kwamba alimtendea vibaya. Lakini kila dada aliposhuka kwenda Mafinga sokoni, huyo huyo shemeji aliyemrithi ndiye aliyeniambia hili, alisimama kwanza kando ya barabara kuu, mahali yanaposimama mabasi ya kutoka Tunduma, mpakani na Zambia, mpaka abiria wa mwisho ashuke, ndipo aende kununua chumvi.